Kwa Nini Miguu Yako Ina Joto?

"Nimekuuliza, Isidro. Kwa nini miguu yako ina joto?"

Isidro ndiyo kwanza alikuwa amevua buti mlangoni na kujichomeka chini ya mablanketi matatu ya kochini, ubavuni mwa mkewe. Bahati mbaya unyayo wake ukagusa wa Rasa. Basi. Rasa alikuwa amevaa jozi mbili za soksi na bado joto lile lilimfikia kama pasi. Na humo ndani tangu Desemba hamkuwa na kitu chenye joto isipokuwa birika.

"Nimetembea," Isidro akasema.

"Umetembea kutoka wapi? Jangwani?"

"Kutoka kiwandani, mke wangu. Mtu akitembea damu inachemka."

"Mimi nimezunguka nyumba hii tangu asubuhi. Mbona yangu haijachemka?"

Isidro akakodolea macho televisheni. Televisheni ilikuwa imezimwa.

Rasa hakusema zaidi, lakini ndugu yangu, mwanamke akinyamaza katikati ya swali ujue swali halijaisha. Kila jioni mume huyu huyu alikuwa akiingia kutoka kwenye kiwanda cha kukamua zeituni akitetemeka, anasugua mikono, anasema leo baridi imetuweza. Rasa anamhurumia, anampa upande mzuri wa blanketi. Leo kasahau kuificha miguu.

Rasa alizaliwa Lithuania, huko ambako theluji inapanda mpaka kwenye madirisha, na katika maisha yake yote hakuwahi kusikia baridi akiwa ndani ya nyumba. Kwao mabomba ya maji moto yanapita ukutani, watu wanakula ndani na fulana nyepesi, bibi analalamika joto limezidi. Alipoolewa na Isidro na kumfuata kusini mwa Hispania, mkoani Jaén, mashoga zake walimwonea wivu. Unakwenda kwenye jua, walimwambia.

Jua lipo, sikatai. Lipo nje. Ndani ni sakafu ya marumaru, kuta nene kama za gereza, na dari refu ambalo joto likipanda halikumbuki kushuka. Rasa alipika na koti, alilala na kofia. Nguo zilichukua siku nne kukauka. Akiwasha hita na jiko kwa pamoja, swichi kubwa inajizima na nyumba nzima inakuwa giza. Akiwapigia watu wa kwao kulalamika wanamcheka, eti nyuzi kumi ni baridi gani, kwetu huo ni msimu wa kuogelea. Angewaelezaje? Nyuzi kumi za nje ni msimu wa kuogelea. Nyuzi kumi za sebuleni ni msiba.

Na kulikuwa na mama mkwe.

Mama Encarna alikaa mtaa wa pili, na alikuwa na ufunguo wake. Kila siku kabla ya adhuhuri alijiingilia, hodi hana, akafungua madirisha yote. Rasa alikuwa ameyaziba kwa karatasi na gundi, mwanya kwa mwanya, kama bibi yake alivyofanya kila msimu wa baridi. Siku moja, baada tu ya sikukuu ya Wafalme Watatu mwanzoni mwa Januari, alitoka kuoga nywele zikiwa bado mbichi, akakuta karatasi zimebanduliwa na mapazia yanapepea.

"Naomba ufunguo wangu," Rasa alisema.

Mama Encarna aliuweka juu ya meza ya jikoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama nyumba hii ina wenyewe, na meza yake kule kwake nayo ina mwenyewe, na Rasa asitie tena miguu yake pale.

Katika mji ule huwezi kumpa mtu adhabu kubwa kuliko hiyo. Kila sebule ya wazee ina meza ya mviringo yenye kitambaa kizito kinachoshuka mpaka sakafuni, na chini ya meza kuna karai la makaa. Mnakaa mmezunguka, mnavuta kitambaa mapajani, miguuni ni Agosti na mgongoni ni Januari. Hapo ndipo watu wanakula, wanacheza karata, wanasengenya, wanaposana. Kufukuzwa mezani ni kufukuzwa ukoo.

Jioni ile Isidro alimshika mkewe mikono yote miwili na kumwambia maneno ambayo Rasa hakuyasahau.

"Usipoingia wewe, siingii mimi. Kama ni kuganda, tutaganda wote."

Rasa alilia. Hakuwahi kumpenda mwanaume yule kama siku ile.

Sasa tazama. Kesho yake baada ya ile miguu ya moto, Rasa alichukua suruali ya mumewe aifue, akainusa. Lavenda. Mwanaume anayeshinda kwenye mashine za mafuta ananukia lavenda magotini? Isidro alipotoka bafuni na taulo, Rasa akaangalia miundi yake. Ilikuwa na madoa mekundu yaliyosokotana kama wavu.

"Hiyo nini?"

"Buti zinanibana."

"Zinakubana mpaka magotini?"

Isidro akasema anachelewa kazini, na akachelewa kweli, maana simu aliisahau mezani na ikabidi arudi kuichukua. Lakini kabla hajarudi simu ililia, na Rasa akaona jina, Paco Trekta, na chini yake ujumbe:

"Kipenzi cha roho yangu, leo uwahi. Jana umekuja miguu kama samaki wa kwenye friji. Nakusubiri."

Rasa akaigeuza simu kifudifudi. Isidro akaingia, akaichukua, akambusu mkewe kwenye kofia, akatoka. Rasa akasikia moyo unamwenda mbio, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akasikia joto.

Akampigia dada yake. Daiva alitokea kwenye kioo cha simu akiwa na blauzi isiyo na mikono, analamba aiskrimu, nyuma yake dirisha lote theluji.

"Ana mwanamke," Rasa akasema.

"Una hakika?"

"Paco gani anamwita mwanaume mwenziwe kipenzi cha roho?"

Daiva akaweka aiskrimu chini.

"Rudi nyumbani. Chumba chako kipo. Bomba linachemka mpaka nimefungua dirisha."

"Usinitajie bomba, Daiva."

"Mimi nakwambia ukweli. Umeacha nyumba ya joto ukamfuata mtu. Sasa huna nyumba ya joto na mtu mwenyewe ndiyo huyo."

"Baridi nilishaanza kuizoea," Rasa akasema. "Nilikuwa nasema tupo wawili."

Mchana ule akapanga begi. Basi la Madrid, la kumfikisha uwanja wa ndege, lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, nafasi akaipata. Begi akaliweka mlangoni. Lakini hakutaka kuondoka na swali. Akasema nimwone huyo Paco kwa macho yangu, nimtazame vizuri, halafu niende zangu.

Saa kumi na mbili jioni akasimama kwenye kona ya kiwanda, koti mpaka puani. Isidro akatoka. Hakushika njia ya nyumbani. Akakata kushoto, anatembea haraka kama mtu anayenusa chakula, akapita kanisa, akapita saluni ya Maribel, na Rasa akajiandaa kumchukia Maribel. Isidro hakusimama kwa Maribel. Akaenda mlango wa tatu, akausukuma bila kubisha, akaingia.

Rasa alibaki barabarani. Mlango ule aliujua.

Alihesabu pumzi zake kidogo, kisha naye akausukuma.

Isidro alikuwa mezani. Kitambaa amekivuta mpaka kifuani, mashavu mekundu, mdomoni kipande cha keki ya asali, mkononi karata. Mbele yake Mama Encarna amevaa miwani, anatupia maua makavu ya lavenda kwenye makaa. Chumba kizima kilinukia suruali ya Isidro, na makaa yale ndiyo yaliyomchora miundi ule wavu mwekundu.

"Kumbe Paco wa kwenye simu yako ndiye huyu," Rasa akasema.

"Paco yupi?" Mama Encarna akauliza.

Isidro alitaka kusimama. Kitambaa kikamkaba, karata zikamwagika.

"Kaa," Rasa akamwambia. "Usiamke, joto litatoka."

"Rasa, naomba nikueleze."

"Ingekuwa mwanamke ningejua la kufanya. Ningemvuta nywele, au ningemwachia akuchukue na mkosi wako. Nilishapanga begi, Isidro, nimelia mchana kutwa kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo. Na sasa nakuta ni meza." Akavuta pumzi. "Wewe uliniapia tutaganda wote. Ulikuwa unanikumbatia huku unatetemeka. Unatetemeka kwa kuigiza. Mtu anaigiza baridi mbele ya mtu mwenye baridi?"

Isidro akainamia karata zilizomwagika. Aliyesema ni mama yake, na hakuwa anamwambia Rasa.

"Mwanangu, uliniambia mkeo ndiye anayekutuma."

"Mama..."

"Uliniambia alishanisamehe, ila anaona haya kuja. Na uliniambia hasikii baridi, mtu aliyezaliwa kwenye theluji, huko ndani anatembea miguu mitupu."

"Mimi?" Rasa akasema. "Mimi sisikii baridi?"

Akavua glavu akanyoosha mkono. Mama Encarna akaushika, akaushikilia, akaupindua kuangalia kucha za bluu.

"Yesu, Maria na Yosefu. Huyu mtoto ni maiti." Kisha akakunja uso. "Na gauni la sufu nililokushonea? Huvai?"

"Gauni gani?"

"Na soksi? Nimekufumia soksi, zambarau, zenye maua. Nilimpa huyu akuletee."

Wanawake wawili wakamgeukia Isidro kwa pamoja. Isidro akarudisha miguu ndani zaidi.

Mama Encarna, ambaye kwa miaka yote hakumruhusu mtu kufunua kitambaa kile makaa yakiwa yamewaka, akakishika ncha akakifunua mwenyewe. Chini kule, buti zimevuliwa pembeni, mwanaume mzima alikuwa amevaa soksi za zambarau zenye maua, ndogo kiasi kwamba kisigino cha soksi kimeishia katikati ya unyayo.

Rasa akainama kuzitazama vizuri.

"Gauni liko kwenye gari," Isidro akasema kwa sauti ya mtu anayejimaliza. "Ningekuletea ungeuliza limetoka wapi."

"Kwa hiyo ukaona bora nigande."

"Siku ya kwanza nilikuja kuwapatanisha, naapa."

"Usiape."

"Nilikuja niongee na mama. Akaniambia kaa kidogo. Nikakaa, joto likanipanda magotini, Rasa, nikasahau nilichokuja kusema. Kesho yake nikaja kukisema, nikasahau tena. Kila siku nilisema leo ndiyo mwisho. Na kila siku nikikuona na ile kofia nilijiona mbwa."

"Mbwa angenilalia miguuni angalau."

Mama Encarna akacheka puani, kisha akajizuia. Akavua miwani akaifuta, akauliza bila kumtazama mkwewe kama madirisha bado yamezibwa. Rasa akasema yamezibwa. Na ukuta wa chumbani umefanya ukungu mweusi? Umefanya. Na nguo hazikauki? Hazikauki.

"Binti yangu, hapa mchana nje kuna joto kuliko ndani. Ukiziba, unaifungia baridi ikae na wewe. Nilikuwa nakufungulia jua liingie."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

"Na ungebisha hodi, Mama."

Mama Encarna akarudisha miwani usoni. Alikuwa mwanamke asiyependa kumeza maneno, na hili lilimchukua muda kushuka.

"Ningebisha," akasema. "Hilo ni kweli. Ile ni nyumba yako." Akamgeukia mwanawe. "Vua hizo soksi. Mpe mwenyewe. Halafu nenda ukatoe gundi madirishani, na lile gauni likae kitandani kabla mkeo hajarudi."

"Mama, nje kuna baridi."

"Ndiyo. Nenda ukaisikie."

Isidro akavua soksi, akavaa buti miguu mitupu, akatoka. Rasa akazishika zile soksi. Zilikuwa na joto la mumewe bado, na hilo likampandisha hasira upya, lakini akazivaa. Akavuta kiti. Akaingiza miguu polepole, na joto likamshika nyayo, likapanda miundi, likafika magotini, na bila kutaka akafumba macho.

"Shusha kitambaa," Mama Encarna akafoka. "Joto lote linatoka." Akamsogezea keki.

Rasa aliporudi nyumbani usiku alikuta begi lake mlangoni pale pale, hakuna aliyethubutu kuligusa. Karatasi zote zimebanduliwa. Isidro alikuwa kitandani na kofia, lakini amelala upande usio wake.

"Unafanya nini upande wangu?"

"Nakupashia. Tangu nimalize madirisha." Meno yalikuwa yanagongana, na safari hii hayakuwa ya kuigiza. "Nimeliona begi."

"Ni la kesho asubuhi."

Isidro akajisogeza, akahamia upande wake, kwenye shuka baridi kama sakafu. Hakuuliza tena. Rasa akavaa gauni la sufu, akaingia pale alipotoka mumewe. Palikuwa na joto. Akalala chali, anatazama dari lile refu, miguu yake ndani ya zambarau inawaka kama mkate uliotoka tanurini. Pembeni kitanda kizima kilikuwa kinatikisika kwa mtetemo wa mtu.

Akamwacha atetemeke. Akamwacha tena kidogo.

"Begi litakaa pale mlangoni mpaka Machi, baridi iishe," akasema mwishowe. "Ukinidanganya tena sitahitaji kulipanga."

"Sawa."

"Na basi likiondoka kesho, litaondoka bila mimi kwa sababu ya mama yako, si kwa sababu yako."

"Sawa, mke wangu."

Unyayo mmoja wa barafu ukaja taratibu chini ya blanketi, ukakaribia, ukaogopa, ukasimama njiani.

Rasa akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka na binadamu.

"Haya, ilete," akasema. "Ilete yote miwili, mwongo mkubwa wewe."