Chaja ya Were, Spring Valley

Oduor, askari wa lango, ndiye aliyeona moshi kwanza, Jumapili asubuhi. Alivunja mlango wa stoo, akamwaga mchanga, akaungua mkono. Ndani, kabati jipya lilikuwa limegeuka makaa. Chaja ya drili iliyoyeyuka ilining'inia kwenye soketi ya ukutani.

Mwenye nyumba, Mzee Vasant, mgane aliyeishi peke yake Spring Valley, aliwaambia polisi, "Fundi aliacha chaja kwa stima jana, akaenda."

Mchana Were, fundi wa kabati hilo, alikuwa selo. Inspekta Kanyiva alimkuta ameketi sakafuni.

"Chaja ni yako?"

"Yangu, madam. Sister alinitumia kutoka Amerika. Lakini siwezi kuichomeka ukutani. Stima yao ni volti mia moja ishirini, yetu mia mbili arobaini. Ukijaribu, inalipuka."

"Sasa unachaji aje?"

"Na transfoma, inapunguza stima. Ina matundu bapa, plagi ya Amerika inaingia sawa. Nikitoka naacha chaja stoo, transfoma naenda nayo nyumbani."

"Nani mwingine anajua hayo?"

"Oduor na mzee. Mzee huniuliza kila kitu. Mimi nagonga, yeye ameshika kikombe, anauliza." Alitabasamu, kisha akainamisha kichwa. "Madam, nikifungwa, nani atampa kazi fundi anayechoma nyumba za watu?"

Transfoma ilipatikana kwake Kangemi. Hilo halikumwokoa: huenda aliisahau nyumbani, akajaribu bahati ukutani. Kanyiva akarudi stoo. Alipokwangua plastiki iliyoyeyuka, aliona kitu katikati ya plagi na soketi: adapta ndogo nyeupe. Bila adapta, meno bapa yale hayangeingia ukutani. Na Were, mwenye transfoma, hakuwahi kuhitaji adapta.

Alimgeukia Oduor. "Nasikia wewe na Were mlikosana."

"Aliniita kiazi kibichi, nikamwita gogo. Hizo ni stori za gate, madam. Simu yangu nachaji kwa kiosk, adapta nitoe wapi?"

"Kwa nini ulivunja mlango?"

"Ulikuwa umefungwa. Ufunguo hulala kwa mzee, na mzee alikuwa anasali. Nilibisha mpaka nikachoka."

Sebuleni, Mzee Vasant alikuwa ameandaa vikombe viwili. Cha pili hakikuwa na mtu.

"Binti yako yuko wapi, mzee?" Kanyiva aliuliza, akitazama picha ya msichana ukutani.

"Anjali? Toronto. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yake."

"Plagi za huko ni kama za Amerika. Akija na simu yake, anaichaji vipi?"

"Iko adapta, kwa droo."

"Nionyeshe."

Mzee hakuinuka.

"Kabati lilikuwa limebakiza kutiwa milango tu," alisema. "Jumatatu angemaliza, aende. Yeye mwenyewe aliniambia stima yetu inaua hiyo chaja. Nikasema, ikifa, kazi itachelewa. Chaja ningemnunulia ingine. Alipoondoka jana, nilichomeka, ikalia pah, nikafikiri imekwisha. Nikafunga mlango. Sikujua kuna moto ndani."

"Mbona ukamsingizia?"

"Anjali angejua. Angesema baba hawezi kukaa peke yake, auze nyumba. Na huyu kijana ndiye tu anakuja hapa, madam. Miezi yote, yeye tu."

"Na ndiye uliyemfunga."

Mzee alifunika uso kwa viganja.

Jioni, kituoni, aliandikisha taarifa na kuambiwa asubiri bintiye apigiwe simu. Were alitolewa selo, akarudishiwa mkanda na viatu. Alimwona mzee kwenye benchi.

"Were, nimekukosea."

"Umenikosea sana." Alifunga mkanda. "Si ungesema tu, mzee? Mimi Jumapili hukaa Kangemi nikiangalia mabati. Ningekuja."

Alifunga viatu, akatoka. Kanyiva alimsikia akishuka ngazi na kusimama. Kisha hatua zikarudi. Were aliketi mwisho wa benchi, mbali kidogo na mzee, mikono ameikunja.

"Uko huru, uende," Kanyiva alimkumbusha.

"Najua, madam. Wacha binti yake ashike simu kwanza."