Neno la Siri la Bibi Harusi

Harufu ya udi ilikuwa ikitoka kwenye kompyuta, na chetezo kilikuwa kabatini tangu juzi. Mwanaesha aliisikia akaipuuza, maana kazi ilikuwa imemkaba koo.

Kazi yenyewe ni kutengeneza video za harusi za wanawake, na mtaa mzima wa Kuze wamwamini kwa jambo moja: picha zake hazijaonwa na jicho la mwanamume. Humo mna mabibi vichwa wazi, wanacheza watakavyo. Safari hii bibi harusi alikuwa Shifa, aliyewahi kusumbuliwa na jini mahaba, lile lijifanyalo mume wa mtu, hadi posa mbili zikavunjika. Alisomewa mwaka mzima, jini likafungwa, ndipo akatulia. Usiku huo angepelekwa kwa mumewe, na video ilitakiwa kabla hajatoka.

Asubuhi fundi Jamaldin alimtilia kompyuta kadi mpya ya picha, lakini mfumo wake wa Linux haukuitambua, na video ikawa inakwamakwama. Ilihitaji draiva yake, programu ya kuiendesha. Sasa fundi atazame vipi kioo kilichojaa nywele za watoto wa watu? Wakaafikiana akae barazani, nyuma ya pazia la mlango, amsomee amri kutoka kwenye simu yake, naye Mwanaesha aandike.

Waliondoa draiva ya zamani bila taabu. Adhana ya alasiri ikalia. Sauti ya Jamaldin ikakatika, kisha ikaendelea, safari hii karibu zaidi na pazia. Ikamwambia aweke draiva mpya, azime kompyuta, aiwashe tena. Kioo kikaja cha buluu, kikitaka neno la siri ili draiva ngeni ikubaliwe.

"Niandike nini?" Mwanaesha akauliza.

"Jina la bibi harusi," sauti ikasema taratibu. "Na la mamake."

Mwanaesha akasita, kwani Kuze hata mtoto ajua ni mganga huuliza jina la mtu pamoja na la mamake, anapotaka kumfunga au kumfungulia jini, lakini akajiambia fundi ataka neno lisilosahaulika, na udi ulikuwa umejaa chumba mpaka macho yakamtoka machozi, na vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi, na kabla hajajiuliza zaidi akawa ameshaandika Shifa binti Shukri na kubonyeza. Picha zikatoka safi kabisa.

Viatu vikasikika uchochoroni.

"Niwie radhi, Bi Mwanaesha," Jamaldin akasema nje, akihema. "Nilikuaga nikenda kuswali, nadhani hukunisikia. Tuliishia pale pa kuondoa ile ya zamani, sivyo?"

Mwanaesha akageukia kioo. Ndani ya video, Shifa alikuwa amesogea pembeni ya kochi, akimpa nafasi mtu asiyeonekana, huku akitabasamu.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Shukri, mamake Shifa, akinong'ona.

"Mwanaesha, Shifa amevua pete. Yuwasema hendi kokote, mumewe amesharudi. Yuwasema nikushukuru. Ati ndiwe uliyemfungulia."