Kidonge cha Siku ya Kuruka

Kwa maneno ya Redio, yule mwanamke wa barabara ya nyuma aliingia zahanati kwa miguu yake na akatoka amebebwa.

"Walimchota damu chupa nne," Redio alisema. "Nne! Wakampa soda moja anyamaze. Kufika koridoni, puu, chini! Siku ya tatu tukamzika. Wao wanauita utafiti. Mimi nauita unyonyaji."

Redio halikuwa jina lake. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, na waliomwita hivyo walisema hana kitufe cha kuzimia. Siku hiyo alileta sketi ipunguzwe kiuno. Sketi ilikwisha, yeye akabaki.

Chumba kile cha cherehani kilikuwa cha dada wawili. Mkubwa aliitwa Fundi. Yeye ndiye aliyekata na kushona. Mdogo wake aliitwa Kifungo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa vifungo na pindo, na mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo. Walishona sare za shule. Fundi alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Redio, ulikuwepo koridoni?" Fundi aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Sikuwepo. Lakini lisemwalo lipo."

"Mimi nimo katika utafiti huohuo. Wamenitoa damu ya kijiko kimoja cha chai. Na hiyo soda sijaiona."

"Subiri," Redio alisema. "Wewe bado wanakunenepesha."

Fundi alicheka mpaka pini zikamwanguka. Kifungo hakucheka. Aliinama, akaziokota moja moja. Aliposimama alishika ukuta.

Fundi hakuwa ameingizwa kwa nguvu. Alipokwenda kliniki mara ya kwanza, walimpima damu, ikawa nane na nusu. Nesi alimwambia kwamba mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Kisha alimkalisha, akamweleza polepole.

"Vidonge hivi vya kuongeza damu si vigeni. Ndani yake mna madini ya chuma. Tunajua vinasaidia. Tusichojua vizuri ni mwendo wa kuvimeza. Kwa hiyo wajawazito wa kundi moja watameza kila siku. Wa kundi la pili watameza leo, kesho wataruka. Halafu tutaona damu za nani zinapanda vizuri na nani anasumbuliwa kidogo na tumbo."

"Na kundi nachagua mimi?"

"Huchagui wewe, sichagui mimi. Ni kura. Ukitaka kujitoa, unajitoa siku yoyote, na matibabu yako hayapungui."

Fundi aliuliza maswali mengine matatu, akajibiwa, ndipo akatia sahihi. Kura yake ikaangukia kundi la kila siku.

Siku chache baada ya maneno ya Redio, chaki zilianza kupungua. Zilikuwa chaki bapa za kuchorea vitambaa. Fundi alidhani panya. Asubuhi moja aliingia ghafla akamkuta mdogo wake midomo ikiwa myeupe kwa unga.

"Kumbe panya mwenyewe ndiye wewe!"

"Naonja tu, dada."

"Chaki inaonjwa? Imetiwa chumvi?"

Kifungo alitabasamu kwa aibu. Fundi alimsogeza mlangoni penye mwanga, akamvuta kope ya chini ya jicho. Ndani palipaswa kuwa pekundu. Palikuwa pamepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara mia.

"Moyo unakwenda mbio?"

"Nikipanda ngazi tu."

"Twende zahanati."

"Kwa wale wa chupa nne? Sitii mguu."

"Kifungo..."

"Dada, sitii mguu. Nikifa nife na damu yangu."

Mama yao, kabla hajafa, aliwaachia sheria moja: cha mmoja ni cha wawili. Yai la kuchemsha alilikata kwa uzi mbele ya macho yao, asipunjwe mtu. Fundi alikuwa amekua hivyo. Usiku alilitazama kopo la vidonge, akapiga hesabu kama anavyopima kitambaa cha nguo moja kitoshe miili miwili.

"Wenzangu wa kundi la pili wanaruka siku na hawafi," alimwambia Kifungo kesho yake. "Nikiruka mimi kuna nini? Kidonge cha siku ya kuruka ni chako."

Kifungo alikimeza palepale. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikula akamaliza.

Ikawa hivyo. Leo mkubwa, kesho mdogo. Kila Fundi alipokwenda kliniki, Nesi alimimina vidonge vilivyobaki kwenye sahani, akavihesabu kwa kijiti bapa. Hesabu ilitimia. Nesi alimsifu. Sifa ile ilimchoma Fundi, lakini alifunga kopo akaenda zake.

Kifungo hakupata nafuu. Miguu ilianza kuvimba. Akawa anapumzika kila baada ya vifungo vitatu. Fundi akaongeza. Mdogo akawa anameza siku mbili, mkubwa siku moja.

Mwezi uliofuata Nesi alitazama kipimo, akapima tena.

"Saba na nukta nane," alisema. "Ulianza na nane na nusu. Vidonge vinakwisha sawasawa, damu inashuka. Mama, unavimeza vyote?"

"Navimeza," Fundi alisema.

Nesi aliandika. Fundi aliitazama ile kalamu ikitembea. Alijua kwamba inaandika uongo wake, na kwamba uongo huo sasa una wino. Lakini aliogopa akisema atafukuzwa, na akifukuzwa Kifungo hatakuwa na kidonge.

Siku nne baadaye Kifungo alikuwa akikanyaga cherehani, akishona pindo. Sindano ilimpita kidoleni. Hakupiga kelele. Alikitazama tu kile kidole, akalala juu ya meza taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya mbao. Fundi alimwita mara tano kabla hajafumbua macho.

"Usinipeleke," ndilo neno la kwanza alilosema.

Mume wa Kifungo, dereva wa lori, alikuja kumchukua, akamrudisha nyumbani. Fundi hakurudi kushona. Alifunga mlango akaenda zahanati, na tumbo lake mbele.

"Nesi, nilikudanganya."

Alisema yote, na hesabu ya siku ya kuruka. Nesi aliweka kalamu chini.

"Ulinihesabia vizuri sana," alisema. "Unajua ningeandika nini mwisho? Mama huyu amemeza kila siku, damu imeshuka. Wajawazito tusiowajua wangetibiwa kwa maandishi hayo. Na mwanao je? Ukijifungua na damu hii, ukitokwa na damu kidogo tu, tunakupoteza."

"Sasa mnanitoa?"

"Hutolewi. Nitaandika ulichomeza kweli, na siku ulizokosa. Makosa utafiti unayavumilia. Uongo ndio unaotuua. Sasa huyo mdogo wako. Unasema anakula chaki?"

"Anatafuna kama karanga."

"Wenye upungufu wa damu wengi hutamani vitu hivyo, udongo, chaki, barafu. Hiyo ni dalili. Lakini dalili ya nini? Sijamwona. Huenda ana safura, minyoo wanaong'ata utumbo na kunyonya damu. Huenda hedhi yake ni nyingi mno. Huenda ni ugonjwa mwingine ambao hata hicho kidonge hakiufai. Ndoo iliyotoboka huijazi kwa kikombe, mama. Lazima mtu atafute tundu."

"Kwa hiyo sikumsaidia."

Nesi hakumficha. "Ulimchelewesha. Alijiona yuko kwenye dawa, hakuja."

Fundi alifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Yule mwanamke wa barabara ya nyuma," alisema. "Ni kweli mlimchota chupa nne?"

"Habari za mgonjwa hazitoki hapa, hata akifa. Nawe zako hazitatoka. Ila damu tunayochukua umeiona kwa macho yako."

Tangu siku hiyo Fundi alimeza kidonge kila asubuhi mbele ya mumewe. Kopo aliliweka juu ya kabati, mbali na mtoto wao wa kwanza, kwa sababu Nesi alimwonya kwamba vidonge vile vikimezwa vingi na mtoto vinaua. Baada ya wiki tano damu ilikuwa tisa na nukta sita. Alipanda ngazi bila kusimama. Mtoto tumboni alicheza.

Lakini Kifungo alikuwa hamsemeshi. Siku aliponyimwa kidonge na kusihiwa aende zahanati, alisema neno moja tu: "Umechagua tumbo lako." Cherehani yake ilifunikwa shuka. Fundi alishona vifungo mwenyewe, vikakaa mshazari.

Asubuhi moja shemeji alikuja na lori, uso umemvimba kwa kukosa usingizi.

"Shemeji, hakai tena. Nikimwinua anahema kama amekimbia. Nimesema twende hospitali, ananing'ata mkono."

Fundi alimpitia Nesi, wakaenda pamoja. Nesi alisimama mlangoni, hakuingia mpaka akaribishwe. Kifungo alikuwa amelala akitazama ukuta. Viganja vyake vilikuwa rangi moja na shuka. Uso ulikuwa umejaa, kana kwamba amenenepa.

Nesi alimtazama pumzi, akamnong'oneza Fundi: "Huyu si wa zahanati. Ni wa kuongezwa damu hospitalini, na leo. Mimi siwezi kumbeba kwa nguvu. Akubali."

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda, kwa shida, tumbo likimzuia.

"Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekupa dawa isiyo yako. Mimi ndiye niliyewadanganya. Nikasirikie mimi, usiukasirikie mwili wako. Hawachukui damu, wanatia. Lori liko nje, mumeo amewasha. Nitakaa na wewe, nitaitazama kila sindano inayoingia na kila inayotoka."

Nje injini ilinguruma. Shemeji alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Twende, Kifungo?"

Pumzi za Kifungo zilikuwa fupi, moja juu ya nyingine. Fundi alimshika kiganja, kikiwa baridi, akakisubiri kimfinye, iwe ndiyo yake.

"Kifungo. Twende?"