Mistari ya Mirihi

— Sema umeiona mistari, Hana. Neno moja tu, basi.

Hana aliendelea kusugua sufuria kwa majivu.

— Na nisipoiona?

— Utaiona, Yotham alisema. Mimi nimeiona mara tatu.

Mwaka huo wa 1909 Mirihi ilikuwa imesogea karibu na dunia, na Bwana Keller, Mjerumani mwenye subira ya punda, alikuwa amesimika darubini juu ya mawe ya kilima cha Kikuyu, pale Dodoma, akiwatafuta watu wa Mirihi. Ndiyo, watu! Alikuwa amesoma kwamba ile nyota nyekundu ina mistari, kwamba mistari ni mifereji ya maji, na mifereji lazima iwe na wachimbaji. Yotham, karani wake, kijana wa misheni ya Mvumi, akamchorea mistari hiyo. Hana, mpishi wa kambi, alikuwa mchumba wa Yotham kwa miaka minne.

Jana simu ya maandishi kutoka Berlin ilikuwa imeletwa toka bomani, na Bwana Keller akawasomea kwa Kiswahili: “MCHORO WA MMOJA HAUTOSHI. TAFUTA SHAHIDI WA PILI. AKIONA MISTARI, MLETE KARANI BERLIN.”

Shahidi akawa Hana. Kambi nzima ilijua macho yake. Alikuwa akimtambua ng'ombe wa baba yake akiwa ng'ambo ya bonde.

— Miaka mitatu tu, Yotham alisema. Nikirudi tunafunga ndoa.

— Tulisema baada ya mavuno.

— Mavuno yapo kila mwaka.

— Si hapa kwetu Ugogo.

Zamani maneno kama hayo yangemchoma Hana. Sasa aliitafuta hasira hakuiona, akatafuta huzuni, nayo haikuwepo. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, naye akaona ajabu jinsi sufuria inavyong'aa.

— Ukisema hujaona, Yotham aliongeza, kila mtu atajua umenifunga hapa makusudi. Watasema Hana amedanganya ili asiachwe.

Jamani, huo nao ni uchumba? Akisema kweli, ataitwa mwongo. Akidanganya, mchumba anapanda meli.

Jua lilipozama, Yotham na watu wa kambi wakiwa kando, Bwana Keller alimpa Hana penseli na karatasi iliyochorwa duara.

— Angalia peke yako. Usiulize mtu. Chora unachoona tu.

Hana aliinama kwenye darubini. Aliona kitu kidogo chekundu kinachotetemeka, doa la kijivu katikati, na weupe kidogo juu. Alingoja mpaka shingo ikamuuma. Alitamani mistari iwepo, Yotham aende na yeye apumzike. Haikuwepo. Akachora, akakunja karatasi.

— Bwana mkubwa, kabla sijakupa, nina neno na Yotham.

— Sema.

— Yotham, kuanzia sasa mimi si mchumba wako. Baba atarudisha vitu vyenu vya posa.

— Hana! Mbele ya watu?

— Ndiyo, wasije wakasema nimekufunga. Uende, ubaki, mimi simo.

Ndipo akatoa karatasi. Bwana Keller aliisogeza kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza tena.

— Mistari iko wapi?

— Hakuna, Bwana mkubwa. Kuna doa, na weupe huu.

Mzungu akamgeukia karani wake taratibu.

— Yotham. Wewe uliiona?

Yotham alitazama viatu vyake.

— Niliiona kwenye kitabu chako, Bwana mkubwa.

Bwana Keller hakupiga kelele. Aliketi juu ya jiwe, kofia mapajani.

— Hana, unadhani watu wapo kule?

— Sijui, Bwana mkubwa. Ni mbali mno.

Yotham alimfuata Hana mpaka jikoni.

— Ulishaniacha. Ungepungukiwa na nini ukisema umeiona?

— Wewe ulikuwa unataka Berlin, au ulikuwa unataka kuniacha?

Yotham akaketi karibu na moto. Kisha akasema:

— Kukuacha. Tangu mwaka jana. Sikujua nianzeje.

— Ungesema hivyo hivyo.

— Ungelia.

— Ningelia, kisha ningenyamaza, kisha ningeolewa.

Akampakulia ugali wake kama siku zote. Yotham akaula ameinamisha kichwa, naye Hana akaosha bakuli.

Kulipopambazuka aliomba ruhusa, akatembea kutwa nzima hadi kwao Mvumi. Mama yake alikuwa uani akipepeta mtama.

— Mbukwa, mama.

— Mbukwa, mwanangu. Mbona ghafla? Yotham hajambo?

— Hajambo, mama.

Hana akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuokota mawe kwenye ungo. Aliokota moja, la pili, na ghafla mikono ikagoma. Kilio kikamtoka kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika.

— Hana! Amekufa nani? Unamlilia nani?

— Naililia miaka minne, mama.