Kisanduku Kikavu

Moshi ulianzia nyuma ya kiti cha rubani mkuu, na kabla hawajamaliza kuulizana unatoka wapi, chumba kizima kilikuwa cheusi. Rubani msaidizi alifanya alichofundishwa: alizima umeme. Redio zikanyamaza. Kifaa kinachoiambia dunia ndege iko wapi nacho kikazimika. Kisha wakageuza ndege bila kumwambia mtu, wakakimbilia nchi kavu wasiifikie; ndege ikaangukia baharini.

Sasa rubani msaidizi alikuwa kwenye mashua ya mpira, macho yameungua na kufungwa kitambaa, pamoja na fundi cherehani, mkewe aliyevunjika mbavu, na mama mkwe wa fundi. Rubani mkuu na abiria wengine bahari iliwameza. Siku ya pili ikamchukua na yule mke. Jua halikuwa na huruma, na chumvi iliwachuna midomo hadi damu.

"Kisanduku cha kuita msaada kipo?" rubani alikuwa ameuliza mwanzoni.

"Kipo," fundi akajibu kwa mkato.

Basi akangoja. Hakuna aliyekuja.

"Ndege nzima inapoteaje kama sindano?" mama mkwe aliuliza.

Rubani alipiga moyo konde. "Wanatutafuta kule tulikokuwa tunakwenda, mama. Nilizima umeme kwa sababu ya moto. Baada ya hapo tuligeuka, na hakuna aliyetuona."

"Wewe ndiye uliyezima?" fundi akauliza.

"Mimi."

Tangu hapo maji ya kunywa ya akiba yalimfikia rubani mwisho, halafu hayakumfikia kabisa. Aliwasikia wakimeza.

"Mpe maji, baba," mama mkwe alisema. "Ukimkausha, mwanangu atarudi?"

"Ajinywee umeme wake."

Rubani alijua anakufa, na aliogopa. Alijiburuta kuelekea sauti ile. "Taa ya kisanduku inawaka?"

"Taa gani? Nimekifunga mifuko miwili ya nailoni, nimekikalia tangu siku ya kwanza. Hakijaguswa hata na tone."

Rubani akapiga ukelele. "Kitupe majini! Betri yake inaamshwa na maji ya bahari. Kina kamba, hakitapotea."

"Kitu cha umeme na maji wapi na wapi? Ulizima cha kwanza, sasa unataka kuzima cha pili!"

Rubani alimrukia kwa kupapasa. Akapigwa ngumi ya shingo, akaangukia maji machafu ya sakafuni. Mashua iliinama, fundi akayumba, na mama mkwe akakichomoa kisanduku, akararua nailoni kwa meno.

"Mama, usithubutu!"

"Tukikikalia tunakufa. Akiwa mwongo tunakufa vilevile." Akakirusha.

Wimbi likapita, na jingine.

"Kinawaka," mama mkwe alisema. "Taa inawaka."



Meli iliwafikia kesho yake asubuhi. Walilazwa chumba kimoja, na baharia akampa kila mmoja kikombe cha maji. Rubani alisikia kikombe cha fundi kikigonga meno yake bila kunywewa, kisha miguu peku ikaja hadi kitandani pake.

"Siku ile ya kwanza ningekitupa," fundi alisema, "mke wangu angekuwa hai."

Rubani angeweza kumlipa kisasi palepale, kwa neno moja tu, na koo lake bado lilikumbuka kiu ile. Akanyoosha mkono gizani mwake hadi akaushika wa fundi, akausogeza pamoja na kikombe kuelekea mdomo wa fundi mwenyewe.

"Ulikuwa unakitunza, kaka," alisema. "Kunywa maji."