Kabureta Mnadani Moshono

Jumamosi hiyo Sombetini, mtaa wa mafundi Arusha, ilikuwa imefurika. Mafundi wamelala chini ya magari, redio tatu zinapiga nyimbo tatu, na bodaboda wanapita katikati ya watu kana kwamba barabara waliichonga wao. Sumari, seremala mrefu, Mmeru wa Momela, aliingia duka la tisa la spea akiwa na kabureta mbovu mkononi na shati jeupe mwilini. Shati jeupe Sombetini! Makubwa.

"Dada, habari za kazi. Natafuta kabureta kama hii. Ya Pijo 404, ya mwaka sitini na saba."

Mwenye duka aliitwa Nashipae, binti wa Kiarusha, gauni la kitenge cha kijani limemkaa vizuri, shanga nyembamba mkononi, oili kwenye kucha. Aliipokea kabureta, akaigeuza, akaipuliza, kisha akamkagua kijana kuanzia viatuni mpaka nyweleni.

"Kaka, hii umeinunua au umeichimba Olduvai?"

"Usinicheke, dada. Ni ya gari la babu. Ndilo lililompeleka bibi kanisani siku ya harusi yao. Mwezi ujao wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, nimewaahidi watapanda hilo hilo."

"Umeahidi kabla ya kupata spea?"

"Ndiyo."

"Wameru bwana!" Nashipae alicheka mpaka fundi wa jirani akachungulia. "Haya, niachie namba. Siahidi kitu. Mimi siyo wewe."

Jioni ile ile akapiga simu kusema hajapata. Mtu mwenye akili angejiuliza, kuna haja gani ya kumpigia mtu simu kumwambia hujapata? Sumari hakujiuliza. Alitabasamu mpaka taya zikauma.

"Kwa hiyo hakuna?"

"Hakuna. Umekula?"

"Bado."

"Kale basi. Ukifa na njaa nitamtafutia nani kabureta?"

Wiki tatu walizunguka pamoja. Ngaramtoni waliambiwa iliuzwa mwaka juzi. Tengeru walikuta Pijo nzima imegeuzwa banda la kuku. Kabureta hakuna, mayai yapo. Nashipae akanunua mayai. "Siwezi kurudi mikono mitupu," alisema, na njiani akamkabidhi Sumari trei ayapakate kama mtoto mchanga. Kufikia wiki ya tatu, kaka na dada zilikuwa zimekufa kifo cha kawaida. Simuni ilikuwa Nashi wangu, mpenzi, umeamkaje.

Ndipo wakaelekezwa Moshono, kwa Mzee Lesian, dereva mstaafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu."

Mzee alifungua sanduku. Kabureta ya 404, mpya, ndani ya karatasi yake ya kiwandani! Sumari nusura apige magoti.

"Babu, taja bei."

"Siuzi. Nimeshaitoa kwa Bwana. Jumapili ni sikukuu ya mavuno, itapigwa mnada pamoja na ndizi na mbuzi za wenzangu. Anayeitaka aje."

Basi Jumapili, ibada ilipokwisha, usharika ulikusanyika uwanjani. Meshack, mwendesha mnada mwenye sauti ya kuamsha mlima Meru, aliinua kabureta juu.

"Elfu hamsini!" alisema Sumari.

"Sitini!" ikajibu sauti upande wa akinamama.

Sumari aligeuka. Alikuwa Nashipae, gauni jeupe, kilemba cha buluu, uso umenyooka kama hamjui. Akadhani utani. Akapandisha, naye akapandisha. Alipofika laki na nusu, akiba yake yote, Nashipae akasema laki mbili bila kupepesa.

Moyo wa Sumari ukapasuka. Kumbe! Wiki tatu zote hizi, muuza spea alikuwa anatafuta spea, na sasa atamuuzia kwa bei mara mbili. Umekula, umeamkaje, yote biashara! Akageuka, akaondoka kabla Meshack hajafika mara ya tatu, na getini akazima simu.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia huyu kijana. Amekulia kwenye minada ya kanisa, anajua kabisa kwamba mnunuzi huulizwa anampa nani. Mama akimnunulia mchungaji jogoo, ni heshima. Lakini binti akimnunulia kijana kitu mbele ya usharika mzima, hapo hata watoto wa shule ya Jumapili wanajua maana yake. Ni kusema nakupenda kwa kipaza sauti. Hasira ikamsahaulisha.

"Imekwenda!" alisema Meshack. "Dada, unampa nani?"

"Nampa Sumari," alisema Nashipae, akageuka na tabasamu lake lote.

Mahali pa Sumari palikuwa patupu. Akinamama wakashika midomo.

Jumatatu, Mzee Lesian aliingia karakana ya Sumari, Kijenge, na karatasi ile ile mkononi.

"Mzigo wako. Binti ameniomba nikuletee. Yeye hataki kukuona."

"Mzigo wangu?"

"Alikutaja kwa jina, wewe mgongo wako uko getini."

Sumari alikaa juu ya mbao. "Babu, mimi ni mjinga."

"Hilo tumeshalipitisha. Sasa?"

Kabureta ilikaa barabara. Pijo ikanguruma, mafundi wakapiga makofi, na Sumari hakusikia furaha hata chembe. Aliliendesha gari moja kwa moja mpaka Sombetini.

"Nashi, nisamehe."

"Spea imekaa sawa?"

"Imekaa. Nisamehe, mpenzi. Nilikudhania vibaya."

"Nimeshakusamehe, mimi siyo mtu wa vinyongo." Macho yalimjaa maji, akayafuta kwa kiganja chenye oili. "Lakini uliniacha nimesimama na jina lako mdomoni. Mama yangu alikuwepo, Sumari! Umeniaibisha mbele ya watu, unakuja kuniomba radhi kati ya matairi. Nani ameona? Nenda. Usinipigie."

Alinyimwa usingizi wiki nzima, na alistahili.

Jumapili iliyofuata, mnada wa kawaida wa baada ya ibada ulipoanza, Meshack alipewa karatasi. Akaisoma, akakohoa. "Kuna kijana anatoa siku moja ya kazi. Seremala. Hebu njoo mbele, bidhaa lazima ionekane!"

Sumari alisimama kati ya mikungu ya ndizi, suti imebana mabegani.

"Naitwa Sumari. Wiki iliyopita binti alinipa zawadi hapa, mimi nikampa mgongo. Nilimdhania ubaya, kumbe ubaya ulikuwa wangu. Nashipae, nisamehe. Mama, nisamehe. Nampenda."

Akinamama wote wakamgeukia Nashipae.

"Haya!" Meshack alipaza sauti. "Seremala, mrefu, meno yote anayo, hajaoa! Nani ataanza?"

"Elfu tano na jogoo!" alidakia bibi mmoja wa mstari wa mbele. Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Elfu kumi!" alisema mjane Marta, naye hakuwa anatania sana.

Nashipae aliangalia viatu vyake.

"Elfu kumi, mara ya kwanza! Mara ya pili!" Jasho lilimtiririka Sumari mpaka kwenye kola. Aliomba kimoyomoyo, sala fupi isiyo na adabu. Meshack akavuta pumzi.

"Elfu kumi na mia tano."

Nashipae alikuwa amesimama.

"Mia tano tu?" Sumari aliropoka.

"Kwa leo ndiyo thamani yako. Ukijirekebisha utapanda."

"Imekwenda!" Meshack alipiga meza mara tatu, vigelegele vikaanza. "Haya dada, taratibu zetu unazijua. Huyu unampa nani?"

Nashipae alipita katikati ya ndizi na mbuzi, akamshika Sumari mkono mbele ya mama yake, mbele ya mchungaji, mbele ya usharika mzima.

"Huyu simpi mtu," alisema. "Namchukua mwenyewe."