Mikono ya Orrin

Jumatatu jua likizama, Lyle Hatch aliegesha pikapu yake mbele ya nyumba ya Verna, mjane wa rafiki yake Orrin. Alikuwa amefuata ekseli, basi. Bagi lake, lile gari la mabomba matupu la kupandia miamba, lilikuwa limevunjika difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, na Jumamosi binti yake Corinne alitarajiwa kuliendesha mashindanoni kwa mara ya kwanza. Msichana wa miaka kumi na tisa, na akishaamua jambo haambiliki. Ekseli mpya ingefika kwao Utah baada ya mwezi mzima. Ndipo Verna akapiga simu mwenyewe, akasema njoo uchukue ya Orrin, hiyo inakata kona hata magurudumu ya nyuma.

Lyle aliikuta imeshafunguliwa kwenye gari la marehemu, imelazwa juu ya turubai pale langoni. Mzigo wa wanaume wawili. Alitaka kuuliza nani kaifungua, akaona aibu.

"Ichukue tu, shemeji," Verna alimwambia. "Si wewe ndiye uliyekuwa mikono yake?"

Lyle akageuka kushusha mlango wa nyuma wa pikapu.

Watu wa miamba wana mwiko wao. Dereva akiwa juu ya jabali haoni matairi yake, wala shimo lililo mbele. Anatazama mikono ya mwelekezi wake tu, yule anayesimama mbele kwa miguu. Akinyoosha kidole kushoto, unakata kushoto. Akivuta kiganja usoni kwake, unakuja. Akikunja ngumi unasimama, hata kama roho inakwambia nenda. Kwa hiyo mwelekezi hajikuni. Hafuti jasho. Mikono yake si yake mpaka gari lishuke salama.

Miaka miwili nyuma, kwenye genge wanaloliita Kikaango, Lyle alikuwa akimwelekeza Orrin. Inzi akamtulia jichoni. Akampunga kwa kiganja, mara moja tu...

Orrin akasoma njoo, akakanyaga mafuta, gari likaporomoka naye.

Lyle aliwaambia watu kwamba alikunja ngumi na Orrin hakutii. Wakamwamini. Hata mazishini walinong'ona kwamba marehemu alikuwa kichwa kigumu, kajitakia mwenyewe, na Verna aliyasikia yote akiwa amekaa kiti cha mbele. Lyle alikuwa nyuma yake, akisikia pia.

Kazi ya kufunga ekseli ilikwenda upesi mno. Corinne alichomelea vishikizo vipya, Lyle akapima, akajiandaa kupanua matundu kama kawaida ya vyuma vya gari la mtu mwingine. Hakuna tundu lililohitaji kupanuliwa. Boliti ziliingia kwa vidole. Karakana nzima ikanuka tumbaku ya kutafuna, ile ya mnanaa aliyoipenda Orrin, na ndani ya nyumba ya Lyle hakuna anayetafuna tumbaku. Jumatano wakiwa mezani wanakula, walisikia kitu huko karakanani.

Nyiiii...

Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanajikata kona. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Lyle. Akasema ni upepo umeingia kwenye mipira ya mafuta ya stelingi. Corinne akamtania kwamba anazeeka, siku hizi anaogopa mpaka mipira. Lyle akacheka naye, ila mkono ulirudi mfukoni kuhakikisha ufunguo upo.

Alhamisi magharibi wakatoka kulijaribu kwenye jabali nyuma ya nyumba. Lyle akashika usukani, Corinne akasimama mbele, ndani ya mwanga wa taa. Bagi likaanza kupanda. Vumbi likatimka, Lyle asione tena uso wa mtu. Aliona mikono tu.

Kushoto. Kushoto kidogo. Njoo.

Akaja. Ekseli ilikuwa tamu, we acha tu, bagi linajikunja kwenye mawe bila kuhangaika.

Njoo.

Harufu ya mnanaa ikampiga puani. Mikono ile ilikuwa na glavu za ngozi, na ya kushoto ilikuwa imefungwa utepe mahali pa kidole kidogo, maana kidole chenyewe hakipo, kama cha Orrin. Corinne hakuvaa glavu. Corinne ana vidole vyote.

Njoo... njoo...

"Baba!" Sauti ilitoka chini, kando ya tairi la nyuma. "Baba, simama, mguu wangu!"

Lyle akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mikono mbele yake haikujali, iliendelea kumvuta. Kisha mmoja ukapanda polepole hadi pale ambapo jicho lingekuwa, ukapunga.

Kama mtu anayefukuza inzi.

Alizima injini. Nyuma magurudumu yakalia nyiii, yakageukia upande wa ile sauti, yakakwama kwenye jiwe. Corinne akachomoa mguu. Kiatu kilibaki. Alikuwa ameteremka pale kuondoa jiwe lililojibana kwenye tairi, baada ya kumwonyesha baba yake ishara ya kusimama. Alikuwa analia kwa hasira.

"Nimekukunjia ngumi mara tatu. Ulikuwa unamtazama nani?"

Usiku ule Lyle hakufumba jicho.

Ijumaa mchana alikwenda kwa Verna. Alimkuta jikoni anamenya pichi, akamwambia yote akiwa amesimama, inzi, ngumi ya uongo, maneno ya mazishini. Verna aliweka kisu chini. Hakulia.

"Kila magharibi Orrin alikuwa anasimama hapo dirishani," alisema kwa sauti ndogo. "Anafanya hivi." Akapitisha kiganja mbele ya jicho lake. "Miaka miwili nilidhani ananiita, Lyle. Nikawa namfungulia mlango."

Lyle akamsihi amruhusu airudishe ekseli leo hii.

"Usiniletee. Ilitoka yenyewe mpaka langoni, mimi sikuigusa. Tangu Jumatatu ulipoichukua, nalala." Alichukua kisu chake, akaendelea kumenya. "Sasa nimejua hakuwa ananiita mimi."

Lyle aliendesha hadi kwake bila kukumbuka njia. Jua lilikuwa linazama. Kabla hajafika kona ya mwisho alisikia injini ya bagi, na moyo ukamlipuka.

Corinne alikuwa kwenye kiti cha dereva, mlango wa karakana uko wazi, taa zimewaka. Alikuwa anatazama mbele bila kupepesa. Mikono yake ilikata usukani kushoto. Kushoto kidogo. Bagi likasogea kuelekea ukingo wa korongo lililo mbele ya uwanja. Mbele yake hapakuwa na mtu.

Lyle aliruka kutoka kwenye pikapu, akakimbia, akasimama katikati ya ukingo na magurudumu, akainua mkono, akakunja ngumi.

"Mwanangu, nitazame mimi."

Bagi likasimama. Injini inanguruma. Macho ya Corinne yalikuja kwenye ngumi ya baba yake, yakahama, yakatazama kitu kilichokuwa pembeni ya bega la baba, yakarudi. Harufu ya mnanaa ilikuwa karibu kabisa na sikio la Lyle.

"Orrin," Lyle alinong'ona, "nimeshamwambia Verna. Nimemwambia yote."

Hakujibiwa. Mguu wa Corinne ulikuwa bado juu ya mafuta.

Ndipo inzi akaja. Akamzunguka Lyle mara moja, akatua kwenye kope la jicho, akaanza kutembea.

Lyle hakupunga.